Fizi za Meneja

Kambini, 13 Januari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako, na Shangazi na meno yake mapya. Sisi wa handakini huku mlimani hatujambo, ila vumbi tu, ambalo sasa nalihesabu kuwa mboga. Nachomelea nondo tangu asubuhi mpaka naona nyota mchana kweupe. Awamu hii ya pili ya ujenzi itatumaliza. Mtandao haujafika, kwa hiyo tutaendelea na karatasi, na dereva wa lori la chakula ameshakubali kutubebea kila Alhamisi akipanda na kila Jumamosi akishuka.

Sasa la maana. Barua yako iliyopita ilikuwa na kurasa mbili za kunisema na mstari mmoja kuhusu Meneja. Nilipoondoka Desemba nilikuomba jambo moja tu. Kila asubuhi umfunue mdomo, uangalie fizi. Zikiwa nyekundu, shukuru. Zikipauka, mbio kwa daktari, kwa maana ugonjwa ule wa damu ukirudi hauna hodi. Mbwa yule mwaka jana aliponea chupuchupu. Nililala naye sakafuni siku kumi na moja nikimnywesha maji kwa kijiko, na wewe ukapita dirishani ukasema, "Mbwa ni mbwa." Sijasahau. Dawa alimaliza Novemba, sasa kilichobaki kumlinda ni macho yako, na hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Niandikie kuhusu fizi. Mengine hata usiponiambia nitaishi.

Mdogo wako


1 Februari

Kitinda mimba wetu,

Marahaba. Shikamoo ya karatasi ni rahisi, lakini naipokea. Barua yako imekaa kwenye droo ya cherehani wiki mbili na zaidi kwa sababu mimi nafanya kazi. Mwalimu mkuu kaleta viti sita vya ofisini vilivyochanika, na nyumba ya wageni imeleta kochi ambalo sijui wageni wake hulifanyia nini. Shangazi meno yamemkaa vizuri, sasa anang'ata kwa ulimi na kwa meno pia. Binti yangu kapata nafasi chuo cha uuguzi. Ungeuliza habari zake kama ungekuwa na mpwa badala ya mbwa.

Fizi ni nyekundu. Namfunua mdomo kila siku saa mbili asubuhi nikishafungua karakana, kabla sijatia uzi kwenye sindano. Kila nikiangalia napiga mstari ukutani kwa chaki ya kupimia vitambaa. Leo mistari ni arobaini na sita, na sijaruka hata siku moja, hata siku niliyoumwa na mgongo. Mwanao nimemtunza. Ila siku hizi analala sana. Zamani mteja hakuweza kuingia bila kukaguliwa miguu na mfuko, ndiyo maana watu wakamwita Meneja. Sasa anafungua jicho moja tu, analifunga. Ni uzee, ana miaka minane.

Na nikukumbushe kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukitaka kuamrisha, njoo uamrishe ukiwa umeshika ufagio.

Dada yako, kwa bahati mbaya


Kambini, 24 Februari

Dada,

Shikamoo. Mvua ilikata barabara, lori halikupanda wiki tatu, kwa hiyo barua yako nimeipata jana. Hongera kwa mpwa wangu. Mwambie mjomba wake kafurahi.

Sasa nisikilize. Meneja hazeeki kwa mwezi mmoja. Desemba alikuwa anamfukuza muuza mkaa hadi barabara kuu, leo unaniambia anafungua jicho moja, na unaliandika chini ya kochi la nyumba ya wageni kama habari ya hali ya hewa! Mkojo wake una rangi gani? Umeangalia? Au mkojo hauna mahali kwenye ukuta wako? Umenipa mistari ya chaki, mimi nataka mbwa.

Mpeleke kwa daktari ukimaliza kusoma sentensi hii. Najua siku nyingi unatamani karakana isiyo na manyoya. Lakini akifa mbwa yule mikononi mwako, sisi wawili tumemalizana.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi mzima, binti mzima, mimi sijui.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma, nikaisokota, nikaitia ndani ya mto wa kiti cha mwalimu mkuu pamoja na sponji, ili akukalie. Nilisema moyoni, huyu hataniamrisha. Jumatatu Meneja akakataa mkate. Akatoka kukojoa, miguu ikamwisha nguvu pale pale, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikampakia kwenye mkokoteni wa makochi nikamsukuma mwenyewe hadi kwa daktari wa wanyama, watu wakicheka njia nzima.

Daktari akamfunua mdomo, akaniita. "Mama, hebu ona."

Zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama mshumaa.

Nikamwambia haiwezekani, asubuhi hiyo hiyo nimeziona nyekundu kwa macho yangu haya. Akaniuliza nimezionea wapi. Nikasema karakanani. Akampima damu, akamwekea dripu, kisha akavua koti akaniambia, "Twende nikaone hiyo karakana." Nilidhani ananiona mwongo. Alipofika hakutazama kiti wala kochi. Alitazama juu. Akanyoosha mkono wake, nikauona mkono ule ukiwa mwekundu, na wangu pia, na kitambaa cheupe mezani kimekuwa chekundu.

"Hili turubai limekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Mama," akasema, "chini ya hili hata maiti angeonekana ametoka kuoga maji ya moto."

Turubai jekundu, mdogo wangu. Lile ulilotoka nalo kazini, ukalitundika mwenyewe wiki uliyoondoka. Mimi nilitaka la kijivu. Ukasema la kijivu litafanya karakana ifanane na mochwari. Nimeishi chini yake muda mrefu mpaka macho yakazoea, na kila asubuhi nimepiga mstari wangu wa chaki kwa uaminifu, na kila mstari ulikuwa uongo. Nimeufuta ukuta wote kwa maji.

Daktari amenieleza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupiga maradhi, imegeuka inapiga damu yake yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Chembe nyekundu katika damu yake ni asilimia kumi na tatu, na mbwa mzima hapungui thelathini na saba. Ukirudi mara ya pili ugonjwa huu ni mkaidi. Ameshaanza kumpa vidonge vile vya zamani na vingine vipya juu yake, lakini anahitaji kuongezewa damu ya mbwa mwenzake, na huenda mwili ukaila na hiyo pia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tukiona ameteseka vya kutosha, anayo sindano ya kumlaza asiamke. "Mwenye mbwa ni nani?" Nikasema yuko mlimani. "Muulize," akasema. "Mpaka Jumamosi nitamshikilia."

Kwa hiyo nakuuliza. Mara hii siamui peke yangu. Ya Mama niliamua peke yangu. Nilimtoa hospitali nikamleta akafie kitandani kwake, na nilipokuuliza kwanza uliniandikia "Fanya unavyoona inafaa," halafu ukaja baada ya mwezi kunihoji kwa nini sikungoja. Safari hii utaandika ndiyo au hapana, kwa mkono wako. Au uje. Lori linapanda kesho, linashuka Jumamosi. Ukiingia humo unafika mlangoni kwangu.

Dada yako


Kambini, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa wote.

Nakuandikia hapa kambini, kengele ya chakula imeshalia na wenzangu wako kwenye foleni na sahani zao. Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa. Amesema mbwa si ndugu. Nimebishana naye mbele ya watu, wanaweza kukuthibitishia.

Kuhusu turubai, nililitundika likukinge jua. Sikujua litakufumba macho. Mtu mwingine yeyote angemtoa mbwa nje kwenye mwanga. Wewe miaka ishirini unachagua vitambaa, hujui rangi hubadilika kivulini? Wateja wako wakitaka kuona kitambaa unawapeleka nje mlangoni. Kwa kitambaa ulijua.

Kuhusu hilo jingine, mimi niko mbali, sioni kitu. Wewe ndiye unayemwona. Fanya unavyoona inafaa.

Mdogo wako


13 Machi

Wewe,

Salamu leo hazipo.

Barua yako imenifikia juzi. Haikuja na dereva, imekuja na posta, na ina muhuri. Kambini hakuna posta. Muhuri ni wa mji wa stendi, pale chini ya mlima, tarehe sita Machi. Kengele ya chakula gani hiyo iliyokulilia stendi? Foleni gani? Sahani za nani?

Jumamosi ile nilisimama pale malori yanaposhushia mizigo tangu saa tatu. Lori likafika. Nikauliza, "Barua iko wapi?" Dereva akaanza kukagua matairi yake, moja baada ya jingine, mtu mzima yule. "Hakuna barua, mama." Sikumwelewa. Juzi nilipouona muhuri ndipo nikamwelewa. Ulishuka naye. Ulikaa kwenye kiti cha mbele cha lori ambalo lilikuwa linakuja kwangu, na ukateremka stendi.

Nikaenda kwenye kabati la Mama. Nina barua yako ile ya miaka minne iliyopita, ya awamu ya kwanza, ile ya "Fanya unavyoona inafaa." Nayo uliandika juu yake "Kambini." Sikuwahi kuitazama bahasha, nani hutazama bahasha siku kama ile? Muhuri ni ule ule. Mji ule ule. Ni mwendo wa saa nne kwa basi kutoka pale hadi kitandani kwa Mama, na Mama alikufa siku tatu baadaye akiuliza kama lango limegongwa. Nilimwambia barabara ni mbaya.

Nilimdanganya mtu anayekata roho kwa ajili yako, mdogo wangu. Kwa miaka minne mimi ndiye mkatili, mimi niliyeharakisha. Na wewe ukaja ukalia juu ya kaburi mbele ya watu mpaka Shangazi akakushika bega.

Kwa kuwa hukujibu, niliamua. Nilikwenda kiwanda cha mbao kumwomba mlinzi mbwa wake, lile jitu lisilopenda mtu. Mlinzi akamuuliza daktari, "Huyu wa mama akipewa damu ya wangu hatapata na hasira zake?" Daktari akasema hasira haimo kwenye damu. Mimi nina ndugu wa damu, najua imo, lakini sikutaka kubishana naye. Nikakishika kichwa cha jitu lile magotini nusu saa likitolewa damu, na halikuning'ata. Kisha nikakishika cha Meneja ikiingia tone kwa tone. Alinitazama muda wote. Sijui kama itashika. Daktari anasema siku kumi hivi ndizo zitakazosema.

Turubai nimelichana. Sitaki maelezo.


Kambini, 31 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Hii nampa dereva mkononi, usitafute muhuri. Msimamizi hakukataa. Alinipa siku nne na akanitakia safari njema. Nikavaa shati safi, nikapanda lori. Tulipokaribia stendi nikamwambia dereva nina shughuli hapo, nitamalizia kwa basi. Nikakata tiketi, kiti cha tisa, dirishani. Basi likawashwa. Nikashuka kununua maji. Nikanunua, nikasimama na chupa mkononi mpaka basi likaondoka na kiti changu. Kesho yake nikakata nyingine, nikafanya vile vile. Siku ya tatu sikukata.

Ya Mama ilikuwa hivyo hivyo, katika nyumba ile ile ya kulala, chumba kinachotazama mabasi. Kila basi lilipotoka nilisema, linalofuata. Halafu likaja la mwisho. Nilikuja baada ya mwezi nikakuhoji wewe kwa sababu mtu anayeuliza maswali haulizwi. Nilijua ninachofanya, na nilikufanyia makusudi.

Hukuniuliza kwa nini niling'ang'ana na mbwa siku kumi na moja sakafuni, maana uliona ni wazimu. Nilikuwa namuuguza Mama. Hakuna aliyeniuliza aishi au afe, kazi ilikuwa kumpa maji tu, na hiyo naiweza. Uliponiandikia "ndiyo au hapana" nikarudia maneno yangu yale ya zamani. Mimi mwoga, Dada. Nachomelea chuma juu ya shimo la mita arobaini, nami ni mwoga wa kitanda cha mgonjwa. Usinihurumie. Najua hukupanga, lakini usianze.

Na bado nasema ungemtoa nje kwenye mwanga.

Sijui kama yu hai. Kama yu hai, ni wako, nimekupa. Kama amekufa, usiniandikie. Dereva akipanda mikono mitupu nitaelewa.

Kitinda mimba


26 Aprili

Kitinda mimba,

Marahaba.

Mara tatu dereva amepanda mikono mitupu. Tarehe sita, kumi na tatu na ishirini. Hakusahau, na mimi sikuugua. Nilikuwa nimekaa karakanani na kalamu ninayo. Nilitaka ujue jinsi wiki tatu zinavyokaa kifuani mtu akiwa amenyimwa jibu na ndugu yake. Dereva kaniambia umekonda, na kwamba Alhamisi iliyopita hukuja hata kumuuliza, ulisimama mbali ukatazama mikono yake ukarudi handakini. Nililia kidogo. Halafu nikasema, vizuri.

Meneja yu hai.

Damu ilishika. Juzi ilikuwa asilimia thelathini na moja. Fizi naziangalia nje, barabarani, kwenye jua, mbele ya watu wote, na muuza mkaa naye siku hizi huja kuchungulia na kutoa maoni. Vidonge vimemtia njaa na kiu ya ajabu. Anakunywa ndoo, anakojoa ndoo. Amekula mkono mmoja wa kochi la nyumba ya wageni, pamoja na misumari midogo ambayo nilimtapisha mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua viti vyake, Meneja akainuka, akamkagua miguu na mfuko, akarudi kulala. Mwalimu alilalamika. Nikamwambia angoje akaguliwe kama wengine. Hajapona, nisikudanganye. Vidonge vitapunguzwa polepole hadi mwakani, na ugonjwa unaweza kurudi tena wakati wowote. Sindano ile bado iko kwenye kabati la daktari, na swali lile lipo.

Uliyosema kuhusu mwanga ni kweli. Vitambaa nawapeleka watu nje, mbwa sikumpeleka. Nimelifikiria kila siku na sihitaji unikumbushe. Nilikuwa naharakisha mstari wa chaki nikuonyeshe kwamba mimi si mtu wa kusemwa. Hayo ndiyo maungamo yangu, usitegemee mengine.

Unasema umenipa mbwa. Zawadi hiyo siipokei. Hiyo ni njia nyingine ya kushuka kununua maji. Mbwa ni wako, na swali likirudi nitakuuliza tena, nawe utajibu ukiwa umekishika kichwa chake.

Kwa hiyo nimezungumza na dereva. Jumamosi ya tarehe sita Mei utapanda lori lake, na stendi hatasimama, hata ukidai unaumwa, hata ukilia. Atakuleta hadi mlangoni. Maji ya kunywa atayabeba yeye.

Sijakusamehe. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako